Pikapu ya Kona 57

Siku ya 1, Jumanne, Dar es Salaam

Kwa misimu mitatu nimekuwa nikinunua viazi mviringo Matamba, wilayani Makete, na kuvileta soko la Temeke, na kila msimu hesabu yangu imeharibiwa na kipande kilekile cha njia. Kati ya Matamba, iliyo juu ya mlima, na Chimala, iliyo kando ya barabara kuu ya Mbeya, kuna kona 57 zilizochongwa kwenye ukuta wa mlima, hata njia yenyewe huitwa kwa idadi hiyo tu, Hamsini na Saba. Mvua zikishika, wenye magari madogo ya mizigo hupandisha bei au hukataa kabisa kupanda, ilhali malori yanayorudi Dar es Salaam yamesimama Chimala yakitafuta mzigo. Mwaka jana magunia yangu 22 yalikwama juu kwa siku 11, hadi viazi vikaanza kuota. Sasa ni Februari, mvua za Nyanda za Juu Kusini ziko katikati, nami nimeamua kununua gari langu mwenyewe la kushusha mzigo kutoka shambani hadi Chimala. Nimeamua pia kuandika kila siku nilichofanya, kwa sababu sehemu ya fedha ni mkopo wa kikundi na wanakikundi wana haki ya kuuliza.

Aina ya gari sikuwa na shaka nayo. Nilitaka Toyota Land Cruiser pikapu ya umbo la HZJ79, yenye injini ya 1HZ, ambayo ni dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) wala kompyuta, kiasi kwamba fundi yeyote wa mjini au wa kijijini anaweza kuifungua. Umbo hilo lilianza kutoka kiwandani mwaka 1999 kushika nafasi ya HZJ75, na tofauti kubwa ipo mbele: la zamani linakaa juu ya springi za mabapa mbele na nyuma, jipya lina springi za koili mbele na za mabapa nyuma. Kwa mtu anayebeba magunia, mabapa ya nyuma ndiyo muhimu.

Dalali alinipeleka kwenye uwanja wa magari ambako palikuwa na moja la mwaka 2002, jeupe, lililowahi kutumika katika mradi wa maji uliokwisha. Kwa nusu saa dalali alizungumza na mtoto wa dada yangu, niliyekuja naye kama utingo, huku mimi ninayelipa nikisimama pembeni kama mtu aliyesindikiza. Injini iliwaka kwa mguso mmoja. Niliweka kiganja juu ya boneti na kukuta ni la moto; gari lilikuwa limepashwa kabla hatujafika. Sikusema neno. Nilishukuru, nikaomba namba ya simu, tukaondoka.

Siku ya 2, Jumatano, Dar es Salaam

Saa kumi na mbili asubuhi nilirudi bila kutoa taarifa, safari hii nikiwa na fundi wangu wa Gerezani, mtaa wa magereji hapa jijini, mzee ambaye ameshughulika na magari haya tangu enzi za umbo la 75. Mlinzi alitufungulia, mwenye gari akaja akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Injini baridi haina pa kujificha. Ilichukua mizunguko kadhaa kuwaka, ikatoa moshi mweupe kwa muda wa dakika moja hivi, kisha ikatulia. Fundi alisema ni dalili ya nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli, zilizochoka, jambo linalotibika, wala si silinda zilizopoteza mbano. Kisha akafungua kifuniko cha kujazia oili huku injini ikinguruma, akakiacha kimekaa juu ya tundu lake bila kukaza. Kifuniko kilitikisika kidogo tu. Ringi za pistoni zingekuwa zimekwisha, mvuke ungekirusha.

Jambo lililofuata nisingelijua peke yangu. Fundi alizungusha ufunguo bila kuwasha injini, akahesabu taa za onyo kwenye dashibodi moja baada ya nyingine. Injini hii huendesha vali zake kwa mkanda wa mpira, na kwenye dashibodi kuna taa maalumu inayowaka kila kilomita 100,000 kukumbusha kuwa mkanda ubadilishwe. Mkanda ukikatika mwendoni, vali hugongana na pistoni, na gharama yake ni kama kununua injini nyingine. Taa hiyo haikuwaka hata kwa majaribio ya ufunguo. Balbu ilikuwa imetolewa. Mwenye gari alisema hajui habari zake, na huenda ni kweli, kwa kuwa gari la miaka zaidi ya 20 hupita mikono mingi, lakini mita ya kilomita tuliiacha kuisoma tangu hapo. Mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa umeliwa hadi chuma kinang'aa, na huo ndio tuliouamini.

Chini ya gari, chasisi yote ilikuwa imepakwa lami nyeusi mpya. Wengine huona lami hiyo wakafurahi; fundi aliiona akaomba bisibisi. Aliikwangua mahali pale ambapo mabapa ya nyuma hushikiliwa na chasisi, kisha akagonga kwa nyundo ndogo, akisikiliza kama mtu anayechagua nazi. Upande wa kulia sauti ilikuwa butu. Palikuwa na ufa wa zamani uliochomelewa na kuongezewa kipande cha chuma, kazi ambayo, kwa kauli yake, ilifanywa na mtu anayejua, lakini ilikuwa imefichwa, na kilichofichwa kina bei yake. Tulikuta pia grisi nyepesi iliyochanganyika na oili ikivuja kwenye kile kirungu cha mbele ambacho tairi hugeukia. Sili ya ndani imekufa, hivyo oili ya difu, yaani zile gia zilizo kati ya magurudumu mawili, inaingia mahali pa grisi. Hilo ni gonjwa la kawaida la magari haya.

Bei ya kwanza ilikuwa shilingi milioni 43. Balbu, ufa, sili na nozeli viliishusha hadi milioni 37, na hapo mwenye gari akafunga mazungumzo kwa kuniita "mama" kwa mara ya kwanza.

Siku ya 3, Alhamisi

Siku ya karatasi. Namba ya chasisi, iliyochongwa kwenye mhimili wa kulia karibu na tairi la mbele, ililinganishwa na kadi ya gari. Mkataba ulisainiwa mbele ya wakili. Uhamisho wa umiliki ulipelekwa TRA. Nilichukua bima kubwa kwa sababu kikundi kilitaka.

Siku ya 4 hadi ya 9, Gerezani

Nilitenga shilingi milioni 6 kwa matayarisho, na siku ya kwanza gereji kila mpita njia alikuwa na shauri la namna ya kuzitumia. Mmoja alitaka nifunge taa nne juu ya kabini. Mwingine alitaka niinue gari inchi tatu. Kijana wa duka la vipuri alinionyesha winchi ya umeme na kuniambia kuwa bila hiyo mlima haupandiki, jambo ambalo madereva wa Matamba, wanaopanda kila wiki wakiwa na kamba na sepetu, wangelisikiliza kwa adabu. Fundi aliweka karatasi juu ya boksi la betri na kuandika vitu ambavyo havionekani mtu akisimama kando ya gari. Tuliifuata karatasi hiyo.

Mkanda wa taimingi ulibadilishwa pamoja na beringi yake ya kukazia. Wa zamani ulikuwa na nyufa ndogondogo mgongoni kama kisigino cha kiangazi. Nozeli zilipelekwa kupimwa kwenye mashine, mbili kati ya sita zikawa zinachuruzisha badala ya kunyunyiza, tukabadilisha ncha zote sita ili zisitofautiane.

Rejeta ilifunguliwa na kuzibuliwa. Hapa fundi alinipa somo ambalo sikulitegemea. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema. Kwenye kimo cha Uwanda wa Kitulo, ulio juu ya Matamba, karibu mita 2,600, sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Kinachookoa injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia mgandamizo ndani ili maji yasichemke upesi. Kifuniko changu kilikuwa na springi iliyolegea, na kipya kiliuzwa kwa bei ndogo kuliko kifaa kingine chochote katika matayarisho yote. Feni nayo ilikuwa ikizunguka kivivu hata injini ikiwa ya moto, kwa sababu mafuta mazito yaliyomo ndani ya kitovu chake, yanayoifanya ishikane na injini joto likipanda, yalikuwa yamevuja. Tulifunga kitovu kipya.

Oili zote zilimwagwa: ya injini, ya gia boksi, ya boksi la gia nzito (zile za kwenda polepole kwa nguvu), ya difu ya mbele na ya nyuma. Ya difu ya nyuma ilitoka na rangi ya maziwa ya chai, dalili kwamba maji yaliingia. Kila difu ina tundu dogo la kupumulia. Difu ikiwa ya moto na ukaingia kijitoni, hewa ya ndani hunywea kwa baridi ya ghafla, na difu hunyonya chochote kilicho karibu na tundu lile. Fundi aliunganisha mpira mwembamba kwenye kila tundu na kuupandisha hadi juu, nyuma ya kabini, ili difu inyonye hewa. Kazi ya saa moja, mpira wa mita nne.

Tairi ziliagizwa tano, za ukubwa wa 7.50R16, zenye tyubu, juu ya rimu za vipande. Watu wa mjini huzicheka rimu hizi. Lakini tairi la namna hii hufunguliwa kwa mitalimbo miwili kando ya njia, na kila kijiji chenye kituo cha bodaboda kina mtu wa kuziba tyubu. Hatari yake ni moja na ni kubwa: ile pete ya kufungia isipokaa sawasawa kisha ukajaza upepo, inaweza kuruka na kuua. Nilimfanya mtoto wa dada yangu arudie mbele yangu mara tatu namna ya kuikagua na kuisimamia pembeni wakati wa kujaza. Mara ya tatu alisema, "Mama mdogo, nimeelewa," kwa sauti ya mtu aliyeelewa tangu mara ya kwanza.

Kisha springi za nyuma. Bapa moja lilikuwa limekatika upande wa kushoto, na mengine yalikuwa yamenyooka kwa uchovu. Niliomba yabadilishwe yote, na kwa kuwa gari litaishi na mzigo, tuliongeza bapa moja kila upande. Nyuma ya gari iliinuka vidole vinne. Nilipendezwa nayo, nikaipiga picha.

Breki tulizifanya mwisho. Gari hili lina diski mbele na ngoma nyuma. Ngoma zilichongwa, viatu vyake vikabadilishwa, pedi za mbele zikabadilishwa, mipira ya breki iliyopasuka ngozi ikatupwa. Mafuta ya breki yalikuwa meusi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishalewa maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 155 tu, na breki zikishika moto kwenye mteremko, joto la namna hiyo si mbali. Yakichemka hutoa mapovu, na pedeli huzama kama mguu kwenye godoro. Tulimwaga yote na kujaza mapya.

Nilinunua pia minyororo ya tairi mbili, kamba ya kuvutia, sepetu, panga, ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki ili isizame kwenye tope, pampu ya upepo, filta mbili za dizeli za akiba, na magogo mawili ya kuzuia tairi. Milioni 6 ziliisha, na shilingi 340,000 juu yake.

Siku ya 10, Alhamisi, Dar es Salaam hadi Iringa

Tuliondoka saa kumi alfajiri kukwepa foleni ya Kibaha. Hadi Morogoro gari lilikwenda kilomita 80 kwa saa, halikutaka zaidi, nami sikulilazimisha. Ndani ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, tulipunguza mwendo kama inavyotakiwa. Twiga wanne walivuka bila kutuangalia.

Kipimo cha kweli kilikuwa Mlima Kitonga. Malori yalikuwa yamejipanga yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nasi nyuma yao, gia ya pili, jua la saa saba mchana, hakuna upepo wa kupoza rejeta isipokuwa ule wa feni yenyewe. Mshale wa joto ulisogea kidogo juu ya katikati, ukasimama. Feni ilisikika ikishika kwa mvumo mzito, kama ndege ndogo. Tuliingia Iringa jioni tukiwa tumetumia lita 13 hivi kwa kila kilomita 100, bila mzigo.

Siku ya 11, Ijumaa, Iringa hadi Chimala

Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala. Njia nzuri, hakuna la kuandika, ila kwamba mpunga wa Usangu ulikuwa kijani kibichi na mawingu yalikuwa yamekalia mlima wote. Asubuhi tulikaza nati za tairi zote, kwa kuwa rimu zilizofungwa upya hulegea kidogo katika siku za kwanza. Mbili zilikuwa zimelegea.

Siku ya 12, Jumamosi, Hamsini na Saba

Usiku ulinyesha. Saa moja asubuhi tulisimama chini ya mlima, mtoto wa dada yangu akashuka kufunga kwa mkono vile vitovu vya mbele vinavyounganisha magurudumu na difu, nami nikaingiza gia nzito gari likiwa limesimama kabisa, kwani haziingii vinginevyo. Gari hili halina difu ya katikati. Ukitumia magurudumu yote manne kwenye lami kavu, ya mbele na ya nyuma hugombana kila unapokata kona, na kinachoumia ni gia. Lakini kwenye changarawe na udongo mbichi magurudumu huteleza kidogo na ugomvi unakwisha.

Tulipunguza upepo wa tairi hadi paundi 30. Chini ya hapo, kwa tairi la tyubu, ni kujitafutia balaa, kwa sababu tairi huanza kuteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu hadi vali inang'oka.

Kona za mwanzo ni pana na za upole kuliko sifa yake. Baada ya ishirini hivi njia inabana, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa, na kila kona unapiga honi na kusikiliza kabla ya kuingia. Tulikutana na bodaboda iliyobeba magunia mawili ya viazi ikishuka injini ikiwa imezimwa, dereva akituliza chombo kwa visigino. Nililitazama gari langu la milioni 37 kwa macho mengine.

Kadiri tulivyopanda, moshi mweusi uliongezeka nyuma. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo, na huko juu hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na pwani, lakini pampu inaendelea kumimina dizeli ileile. Dawa yake ni kuinua mguu na kushuka gia, si kukanyaga zaidi. Nilipanda sehemu kubwa kwa gia ya pili ya gia nzito, pedeli ikiwa nusu, na joto halikuvuka katikati. Saa nne na nusu tulikuwa Matamba, tumejifunika mablanketi, tunakunywa chai kwa shemeji.

Siku ya 13, Jumapili, juu ya Matamba

Shamba la shemeji liko juu zaidi, upande wa kuelekea Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Februari ni wakati wa maua hayo, na kutoka ukingoni mwa shamba yanaonekana kama zulia la njano na zambarau. Sikukaa kuyatazama, kwa kuwa wakati huo gari lilikuwa mtaroni.

Udongo wa huko ni mweusi na laini, na ukilowa huwa kama sabuni. Nilikuwa nikipita juu ya mgongo wa njia, tairi za kulia zikateleza taratibu, bila kelele, na gari lote likashuka pembeni hadi difu ya nyuma ikakaa juu ya tope. Kosa langu lilikuwa kuongeza mafuta. Nilichimba shimo kwa tairi zangu mwenyewe. Tulichimba kwa sepetu mbele ya kila gurudumu, tukakata matete na kuyatandika, tukaweka ubao chini ya jeki, tukainua nyuma na kufunga minyororo. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na watu sita. Gari lilitoka lenyewe, gia ya kwanza, injini ikiwa haina papara, na ng'ambo ya mtaro wazee waliokuwa wakitazama waliondoka wakiwa wamepata habari ya jioni.

Siku ya 14, Jumatatu, kushuka

Asubuhi nilikuta magunia kumi yamepangwa, kila moja na kilemba chake kimeshonwa juu, lumbesa halisi.

"Shemeji, haya ni magunia kumi?"

"Kumi, shemeji. Si ulisema kumi?"

"Nilisema kumi ya kilo mia. Haya yanakaribia mia na arobaini."

"Wanunuzi wa Chimala wanayataka hivi."

"Wanunuzi wa Chimala hawashuki na mimi."

Gari hili linabeba kama tani moja. Tulivikata vilemba, tukapima kwa mizani ya kijiji, na nikapakia magunia manane. Shemeji alinyamaza hadi tulipoondoka. Naelewa, kwa sababu kila kilo iliyobaki juu ni yake.

Nilianza kushuka kwa gia ya pili ya gia nzito, na hapo ndipo nilipogundua kuwa matayarisho yangu yote nilikuwa nimeyafikiria kwa upande wa kupanda. Dizeli hii ikibeba mzigo haishiki gari vya kutosha kwa gia ya pili. Kila baada ya kona nilikuwa nagusa breki, kidogo tu, kisha kidogo tena. Kufikia kona ya thelathini na kitu harufu iliingia kabini, ile harufu ya nywele zilizoungua. Pedeli ilikuwa imeanza kulainika. Nilisimama mahali palipokuwa na upana, tukaweka magogo kwenye tairi za nyuma, tukashuka.

Rimu za mbele hazikukaribika. Mtoto wa dada yangu alichukua dumu la maji. Nilimzuia, kwa kuwa diski iliyoiva ikimwagiwa maji baridi hupinda. Kisha nikaenda nyuma na kuweka kiganja juu ya ngoma. Ilikuwa vuguvugu, kama ukuta uliopigwa na jua la asubuhi. Nikagusa ya upande wa pili. Vilevile. Breki za mbele zilikuwa zikizuia tani tatu peke yake, na zile za nyuma, mpya kabisa, hazikufanya karibu kazi yoyote.

Mtandao wa simu ulipatikana kwa kupanda juu ya jiwe. Fundi alisikiliza, akauliza swali moja: "Mama, ule mkono wa vali ya nyuma, unaokwenda kwenye difu, tuliurekebisha baada ya kuweka springi?" Halafu tukanyamaza wote wawili. Gari hili lina vali inayogawa nguvu ya breki kwa kupima umbali kati ya chasisi na difu ya nyuma. Gari likibeba mzigo, chasisi hushuka, mkono unasukumwa, na vali inafungulia nyuma breki zaidi. Sisi tuliongeza mabapa, tukainua nyuma vidole vinne, nami nikapiga picha. Tangu siku hiyo vali imekuwa ikiamini kwamba gari ni tupu. Hata magunia manane hayakuishusha vya kutosha kuishawishi.

Tulisubiri dakika 50. Kisha nilishuka kona zote zilizobaki kwa gia ya kwanza ya gia nzito, mguu ukiwa mbali na pedeli, injini ikilalamika, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Tulifika Chimala saa tisa alasiri. Lori la Dar es Salaam lilikuwa bado lipo.

Siku ya 15, Jumanne, Chimala na juu tena

Kwa spana mbili na maelekezo ya simu tuliulegeza mkono wa vali na kuusogeza hadi ukakaa pale ambapo ungekaa kwa springi za zamani. Pedi za mbele zilipofunguliwa zilikuwa zimeliwa kwa siku moja kiasi cha miezi, ya kushoto zaidi kuliko ya kulia, na mafuta ya breki tulimwaga na kujaza mengine, kwa kuwa yaliyowahi kuchemka siyaamini. Saa tano tulipanda tukiwa watupu.

Saa tisa tulikuwa tunashuka na magunia manane mengine, bila vilemba, kwa gia ya kwanza, na breki nikizigusa tu pale ambapo kona inadai. Kwenye ule upana wa jana nilisimama bila kulazimishwa. Mtoto wa dada yangu aliweka magogo, nami nikazunguka gari nikigusa rimu moja baada ya nyingine. Za mbele zilikuwa za moto, mkono unavumilia. Za nyuma zilikuwa za moto vilevile.